Simu ni ya kuzungumza, si ya kurekodi

Kila tukitoa kipindi chenye mzee wa Unguja kwenye laini, maoni yanayokuja yanafanana. "Bibi anachekesha, mashaAllah, lakini hiyo sauti!" Halafu unafuata ushauri: nunueni maiki nzuri. Mie nina maoni mengine, na nayaandika hapa kwa urefu kwa sababu kwenye kipindi tunakatana kauli. Hata ukimpelekea bibi maiki ya studio, ukimrekodi kupitia simu utapata sauti ya simu. Vipindi vingi vya vijana kama sisi vinaitumia laini kwa kazi mbili kwa pamoja: kuzungumza na kurekodi. Kazi ya kwanza simu inaiweza. Ya pili haikuundwa kwa ajili yake.

Ninachotetea ni hiki: piga simu mzungumze, lakini sauti irekodiwe kila upande mahali pake, ya mzee kule aliko na yako hapa Ghubra, halafu mafaili yakutanishwe baadaye. Na sababu yangu kubwa ni sisi wenyewe, aina ya wasikilizaji tuliyo.

Herufi zinazofia njiani

Simu ya kawaida iliundwa ipitishe mitetemo ya kuanzia kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sikio la kijana linafika hadi kama 20,000. Wahandisi walichagua kipande hicho kidogo kwa sababu ndani yake maneno mengi yanaeleweka, na laini zilikuwa ghali. Simu zilipoingia kwenye dijitali, sauti ikawa inapimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo kinapewa biti 8. Zidisha upate biti 64,000, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Ikumbuke namba hiyo, manake itarudi. Simu za mkononi zikabana zaidi: AMR, kodeki iliyobeba simu za mkononi kwa miaka mingi, kiwango chake cha juu kabisa ni kilobiti 12.2. Siku hizi zipo simu zinazopitisha mitetemo hadi 7,000, lakini lazima simu zote mbili na mitandao yote iliyo katikati ikubaliane. Laini inayotoka nchi moja kwenda nyingine mara nyingi inarudi kwenye mlango ule mwembamba.

Vokali zinapita salama. Nguvu ya a, e, i, o, u iko chini, ndani ya mlango. Zinazoumia ni herufi za upepo: s, f, th. Sehemu kubwa ya s iko juu ya mitetemo 4,000, kwa hiyo inabaki nje. Kinachopita ni kivuli chake tu, na kivuli cha s kinafanana sana na kivuli cha f na cha th. Ndiyo maana mtu akikutajia jina kwenye simu anaongeza "F ya Fatma" au "S ya Salma".

Sasa tia Kiswahili kwenye mlango huo. Sisi na fisi. Suka na fuka. Msuko na mfuko. Utaniambia hakuna shida, mtu akisema "sisi tulikaa Ng'ambo" hakuna atakayedhani ni fisi waliokaa Ng'ambo. Kweli. Maneno ya jirani yanamwokoa msikilizaji, lakini yanamwokoa yule ambaye neno lenyewe tayari analo kichwani.

Hebu tumchukue mtoto aliyezaliwa Maskati, Kiswahili amekipata jikoni na kwenye gari, kusoma amesoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Bibi kwenye laini anasema, "tulikuwa tunakula mkate wa mofa." Mtu mzima wa Unguja anasikia "mo...a" yenye upepo katikati, na kichwa chake kinajaza pengo bila hata yeye kujua. Mofa anaijua. Ameiona. Yule mtoto hana cha kujazia. Anasikia mosa, au motha, anatafuta kwenye kamusi, hapati, anaacha. Bibi anasema "chukua kifuu", mtoto ambaye hajawahi kuona mtu akitumia kifuu cha nazi jikoni anasikia kisu, kwa sababu kisu ndicho anachokijua. Kipindi kizima kinapita hivyo. Anacheka pale wanapocheka wengine, na maneno mapya, ambayo ndiyo hasa aliyoyafuata, yanampita moja baada ya jingine.

Hoja yangu yote iko hapo. Watu wanadhani kwa kuwa sisi Kiswahili chetu ni cha nyumbani tu, sauti yoyote inatutosha. Ni kinyume chake. Anayejua lugha vizuri anaweza kuishi na sauti mbovu. Anayejifunza lugha kutoka kwenye sauti hiyohiyo anahitaji kila konsonanti aliyoitamka mzee. Jambo hili limepimwa mara nyingi katika lugha mbalimbali: sauti ikiharibika, anayesikiliza lugha ambayo si yake ya kwanza anaanguka haraka kuliko mwenyewe. Na sisi wengi wetu, tukubali tusikubali, tuko mahali fulani katikati ya hao wawili.

"Mbona sisi tulisikiliza BBC masafa mafupi?"

Hiyo ndiyo hoja ninayopewa na wazee, na ni hoja nzuri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Ujerumani mwaka 1963, na kwa miaka mingi watu walizisikiliza kwa masafa mafupi, sauti inakuja na kwenda kama maji ya pwani. Walielewa habari zote, wakabishana nazo mpaka usiku. Sasa nyinyi mnadeka nini?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, waliosikiliza walikuwa wenye lugha, na mapengo waliyajaza wenyewe. Pili, na hili wengi hawalifikirii, wale watangazaji hawakuridhika na simu. Mtu wa redio anayetuma ripoti kutoka mbali amekuwa akipigana na laini ya simu tangu zamani, na historia ya mapigano hayo inatufaa sana.

Miaka ya 1980 kampuni za simu zilianza kuleta laini ya dijitali inayoitwa ISDN. Laini moja ya kawaida ilikuwa na njia mbili, kila njia kilobiti 64. Ni ileile namba niliyokwambia ukumbuke! Yaani bomba lilikuwa na upana uleule wa simu ya kawaida. Watu wa redio wakajiuliza: bomba ni lile, je, tukibana sauti kwa akili zaidi, si tutapitisha sauti nzuri zaidi?

Mwaka 1988 kikapitishwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa G.722. Ufundi wake ni rahisi kuueleza. Sauti inagawanywa mafungu mawili, la chini na la juu. La chini, lenye vokali na uzito wa maneno, linapewa kilobiti 48. La juu, lenye upepo wa s na f, linapewa 16. Jumla 64. Bomba lilelile, lakini sasa mitetemo inafika 7,000, na ghafla mwandishi aliye mbali anasikika kama mtu, si kama mtu aliye ndani ya pipa. Tena haicheleweshi: ni milisekunde chache tu, kwa hiyo aliye studio na aliye nje wanaulizana na kujibizana bila kugongana.

Kulikuwa na njia nyingine. MPEG Layer II ilipitisha sauti pana zaidi, hata muziki, lakini mara nyingi ilitaka njia zote mbili za laini, kilobiti 128, na ilichelewesha. Layer III ndiyo ile tunayoiita MP3. Wengi wanadhani MP3 ilizaliwa kwa ajili ya kupakua nyimbo. Ilianzia kwenye simu. Profesa Dieter Seitzer, huko Erlangen, Ujerumani, alitaka muziki upite kwenye laini za simu, na mwanafunzi wake Karlheinz Brandenburg akaifanya ndiyo kazi yake. Na kilichomsumbua Brandenburg sana hakikuwa okestra. Ulikuwa wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake bila ala yoyote. Sauti ya mtu mmoja mtupu inafichua kila kasoro, kwa sababu hakuna ngoma wala zeze la kuificha. Bibi anayesimulia peke yake yuko kwenye hali hiyohiyo.

Watu wa redio hawakuwa na kodeki moja wanayoipenda. Walichagua kwa kazi. Mahojiano ya moja kwa moja: G.722, kwa sababu kuchelewa kunaua mazungumzo. Tamasha la muziki: Layer II au III, kwa sababu hakuna anayejibizana na mpiga fidla. Walitenganisha swali la "tunaongeaje?" na swali la "tunahifadhi nini?". Sisi tunayachanganya.

Mfukoni una studio

ISDN sasa inazikwa. Uingereza, BT iliacha kuuza laini mpya za aina hiyo Septemba 2023. Watangazaji wamehamia kwenye intaneti, na kodeki wanayoitegemea sana ni Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti Septemba 2012. Ni ya bure. Inaanzia kilobiti 6 mpaka 510, na inaweza kupitisha sauti yote ambayo sikio linasikia. Na ndiyo hiyohiyo inayobana zile voisi unazotumiana na shangazi kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo kijana wa Ghubra mwenye simu ya kawaida anabeba kodeki bora kuliko ile ya studio kubwa ya mwaka 1990. Tofauti iko kwenye matumizi. Studio inaipa Opus biti za kutosha na intaneti iliyotulia. Programu ya simu inaipa biti chache, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha simu haikatiki, hata kama bibi yuko Makunduchi na mtandao unapepesuka. Kipande cha sauti kikipotea njiani, programu inabuni kipande cha kuziba pengo, kwa kukisia kutokana na kilichotangulia. Kwa mazungumzo ni rehema. Kwa kumbukumbu maana yake ni kwamba baadhi ya unachokisikia bibi hakukisema.

Na kodeki si mkosaji peke yake. Simu ina programu ya kuondoa mwangwi na nyingine ya kuondoa kelele, na zote zinafanya kazi kwa kuamua nani anasema sasa. Wawili wakisema pamoja, mmoja anamezwa. Sasa fikiria namna wazee wetu wanavyosimulia. Hakuna hadithi ya Kiswahili ya kimya kimya. Mmoja anasema, mwingine anaitikia: enhe, ehee, ala!, hebu weye! Paukwa inataka pakawa yake. Kwenye simu iliyorekodiwa nusu ya maitikio hayo yanakatwa, na mzee, asiposikia mwitikio, anadhani umechoka. Anafupisha. Hadithi ya dakika kumi inakuwa ya nne, na kosa tunalitupia kumbukumbu yake.

Kuna na kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana, watu wanaanza kugongana, kisha wote wananyamaza wakisubiriana, kisha "haya sema wewe", "hapana sema wewe". Mnazijua simu hizo. Mkirekodi kila upande, hayo mengi yanarekebishika kwenye uhariri. Mkirekodi simu yenyewe, yameshagandamana, khalas.

Tui la pili

Kubana sauti kwa kodeki hizi ni kama kukuna nazi na kuikamua. Ulichokamua umekipata, chicha umeitupa. Tatizo linakuja unapotaka kukamua tena. Angalia safari ya kipindi cha kawaida: simu inabana sauti ya bibi mara ya kwanza, programu ya kurekodi inabana mara ya pili, unahariri na kuihifadhi MP3 mara ya tatu, na jukwaa la podikasti linabana mara ya nne. Kila kodeki ina mawazo yake kuhusu kipi kinatupika. Ya kwanza imeshatupa, ya pili inatupa katika kilichobaki, na inahesabu makovu ya ile ya kwanza kuwa sehemu ya sauti. Ukifika mwisho unapikia maji.

Watu wa redio wana kanuni moja juu ya hili nami naiunga mkono: bana mara moja, na bana mwishoni. Mpaka kufika hapo, shika asili.

Asili ina uzito gani? Tupige hesabu, kwa sababu bando si bure na kule Unguja ni mzigo wa mtu. Saa moja ya sauti ya mtu mmoja isiyobanwa kabisa, vipimo 48,000 kwa sekunde vya biti 16, ni kama megabaiti 346. Ukiihifadhi kwa FLAC, ambayo inabana bila kutupa kitu, inapungua hadi karibu nusu. Ukitumia AAC au Opus kwa kilobiti 96, ni kama megabaiti 43. Msimamo wangu: ikiwezekana, FLAC au ile isiyobanwa. Isipowezekana, AAC ya kilobiti 96 kutoka kwenye simu ya mjukuu inaishinda simu iliyorekodiwa kwa mbali sana. Bando tulilipe sisi tulio huku, si mwenye hadithi. Na faili litumwe kama dokumenti, lisitumwe kama voisi, manake programu inaweza kulibana tena bila kukuuliza.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Simu moja ni ya kuzungumza. Simu ya pili inakaa mezani, shubiri mbili tatu kutoka mdomoni mwa mzee, inarekodi, haijaunganishwa na chochote. Huku unafanya vivyo hivyo, ukiwa umevaa spika za masikioni ili sauti ya bibi isiingie kwenye maiki yako. Mwanzoni piga kofi moja upande mmoja na moja upande wa pili, mtalitumia kuoanisha mafaili. Na kiyoyozi kizimwe. Najua, Ghubra mwezi wa saba hilo ni ombi zito. Rekodi dakika ishirini, washa, poeni, endeleeni. Ule mvumo nao unakula biti, kodeki inajitahidi kuubeba kama vile ni maneno.

Wanaonipinga

Mwenzetu mmoja kwenye kipindi anasema ninawatwisha wazee teknolojia. Kama mzee ndiye angeshika simu ya pili, ningekubali. Lakini nyumba nyingi zina kijana wa miaka kumi na nne anayeijua simu kuliko sisi sote. Mpe yeye kazi. Atasikia hadithi mpaka mwisho, na yeye ni mrithi vilevile, hata kama haishi nje.

Mwingine anasema sauti ya simu ndiyo sauti yetu halisi. Tumekua nayo: mama anapaza sauti sebuleni, upande wa pili wanapaza zaidi. Hapa Oman kwa miaka mingi simu za WhatsApp zilikuwa hazipiti kwenye mitandao ya kawaida, nyumba nyingi zikazoea voisi, na zile mlio-ukatika-rudia tena ni sehemu ya utoto wetu. Sibishi. Ukitaka kuonyesha umbali, weka kipande cha simu kwenye kipindi, kitafanya kazi kuliko maelezo yoyote. Lakini kichague. Ukiwa na asili, unaweza wakati wowote kuifanya isikike kama simu. Ukiwa na simu tu, huna njia ya kurudi.

Wa tatu, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi, anasema siku hizi programu za akili bandia zinasafisha kila kitu. Zinasafisha, kweli. Lakini mitetemo ambayo haikupita kwenye mlango wa simu haiko popote kwenye faili. Programu inatengeneza kitu kinachofanana, kwa kukisia. Ikikisia s kwenye "sisi", sawa. Ikikisia s kwenye mofa, unapata "mosa" safi kabisa, yenye kung'aa, isiyokuwepo duniani. Sauti chafu angalau inakwambia usiiamini.

Nakala ni ya nani?

Kuna jambo moja la mwisho ambalo kwangu lina uzito kuliko biti zote. Ukirekodi simu, sauti ya mzee inakaa kwako tu, Maskati, kwenye kompyuta yako. Ukirekodi kila upande, asili yake inazaliwa mikononi mwao. Faili liko kwenye simu ya mjukuu kabla halijafika kwako. Wanaweza kulisikiliza, kulihifadhi, au kusema hiki msikitoe. Tumezoea kuwapigia watu wa nyumbani, kuchukua hadithi na kwenda zetu. Njia hii inatulazimisha kuomba.

Kwa hiyo kuanzia kipindi kijacho chenye mgeni wa mbali, mie upande wangu nitapendekeza hivi: bila faili la upande wa pili, hatutoi. Tukisubiri wiki mbili mpaka bando lipatikane, tusubiri. Nanyi mlio na rekodi za simu za zamani, msizifute. Andikeni pembeni kila neno msilolisikia vizuri, na dakika lilipo, kisha mpigieni aliyelisema, leo, maadamu yupo wa kumuuliza. Mwambieni alirudie polepole, na simu ya pili iwe mezani.